Mbachao na Msala Upitao

Wazee walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Usemi huo niliutumia sana darasani kuwatuliza vijana waliopenda mno vitu vipya. Lakini katika miaka hii ya kustaafu, nikiwa nyumbani Ntalikwa, kompyuta moja kuukuu imenilazimisha kuufikiri upya.

Kompyuta hiyo niliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Inaendeshwa na Linux, mfumo unaotengenezwa na watu wa nchi nyingi na kugawiwa bure. Mimi huandikia barua, maombi ya majirani na kumbukumbu za mikutano ya kikundi chetu cha wafuga nyuki. Hata hivyo anayeihitaji zaidi si mimi. Ni mwalimu mwenzangu wa zamani, ambaye presha ya macho ilimpofusha polepole hadi giza likatimia. Ndani ya kompyuta hiyo mna programu iitwayo Orca, ambayo husoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Sauti yenyewe ni kama ya bati, na Kiswahili chake kinachekesha, lakini ndiyo iliyomrudisha mwenzangu katika kusoma. Kila Jumamosi huja, huketi, hubonyeza vifungo vyake, nami huchemsha chai.

Mwaka 2022 binti wa dada yangu, ambaye amesomea mambo haya, alikuja likizo. "Mjomba," aliniambia, "mashine yako imezeeka. Niiwekee mfumo wa kisasa." Nikakubali. Alipomaliza, picha zilikuwa laini na madirisha yaliteleza bila kukatikakatika. Jumamosi mwenzangu akaja. Katika baadhi ya programu sauti ilimjibu. Katika nyingine alibonyeza amri zilezile alizozizoea, na mashine ikakaa kimya. Alijaribu tena na tena. Mwishowe akaweka mikono mapajani, akasema kwa upole, "Labda zamu yangu imekwisha, Mwalimu."

Nilikasirika, nikamwamuru binti arudishe mambo yalivyokuwa. Hakubisha, ila aliniomba kwanza nimsikilize.

Akanieleza kwamba katika Linux kuna sehemu inayoshughulikia kuonyesha madirisha kwenye skrini na kupokea yanayochapwa. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na mfumo uitwao X, ulioanza mwaka 1984 katika chuo cha MIT huko Marekani. Toleo lake la 11, ambalo ndilo lililodumu, lilitoka mwaka 1987. Ndani ya X programu zote ni kama watu wanaoishi katika chumba kimoja kisicho na kuta. Programu yoyote yaweza kusikiliza kila herufi inayochapwa katika programu nyingine, hata neno la siri. "Mjomba," alisema, "majirani wanakuja hapa kufungua barua zao. Vijana wanachomeka flashi zao. Ikiingia programu moja yenye nia mbaya, itasikia yote."

Mfumo mpya unaitwa Wayland. Ulianzishwa mwaka 2008 na Kristian Høgsberg, nao umejenga kuta. Kila programu huchora dirisha lake na kupokea yale tu yanayoihusu, na msimamizi mmoja ndiye anayeyapanga madirisha yote kwenye skrini.

Hapo nikaelewa kisa cha ule ukimya. Programu inayomsomea kipofu haina budi kusikiliza vifungo vyake popote alipo. Kwa kazi yake inafanana kabisa na mdukuzi: inatega sikio katika nyumba ya mwingine. Tofauti yao ni nia, na ukuta hautambui nia. Ukuta uliojengwa ili kumzuia mwizi ulikuwa umemzuia pia mtoto anayemshika kipofu mkono.

Basi nifanye nini? Nikirudisha mfumo wa zamani, ninawaacha majirani walioniamini bila kinga. Nikibaki na mpya, ninamfungia mlango rafiki yangu. Binti alifanya hesabu ya vichwa: majirani ni wengi, mwalimu ni mmoja. Ni hesabu inayoonekana ya haki, lakini naona ina kasoro. Faida ya kuta ingegawanywa kwa watu wengi, kila mmoja akipata utulivu kidogo. Hasara yote ingebebwa na mtu mmoja, naye angenyang'anywa kusoma kwenyewe. Vitu viwili hivyo haviwekwi katika mizani moja kwa kuhesabu watu tu.

Hata hivyo siwezi kuujibu upande wa pili kwa usemi wa wazee peke yake. Mbacha nao huchakaa. Wanaoutunza mfumo wa X ni wachache. Mimi sijawalipa hata senti. Nina haki gani ya kuwadai waendelee kushona mkeka wangu siku zote? Tena usemi wenyewe unatuonya juu ya msala *upitao*. Wayland haupiti. Fedora waliufanya kuwa chaguo la kwanza mwaka 2016. Ubuntu wakafuata mwaka 2017, wakaurudisha X mwaka 2018 walipoona mambo hayajakaa sawa, kisha wakarejea Wayland mwaka 2021. Oktoba 2025, katika toleo la 25.10, wakaiondoa njia ya X katika sura yao ya kawaida. Siku hizi anayepita ni yule wa zamani.

Sisi watu wa Tabora tunapaswa kulifahamu jambo hili, maana tunaishi juu ya njia ya misafara. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa wakitembea kutoka huku hadi Bagamoyo, kila mmoja na mzigo wa karibu kilo 30. Reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Nani angesema reli haikuwa tayari? Lakini vita ikaja, Wajerumani wakavunja madaraja ya reli walipokuwa wakirudi nyuma mwaka 1916, na watu kwa maelfu wakatwishwa tena mizigo kichwani. Reli ilikuwa tayari kwa siku ya amani. Mtu akiniambia kwamba kitu kipya kiko tayari, sasa humwuliza: tayari kwa nani, na katika hali gani?

Tulichofanya nyumbani kilikuwa kidogo. Binti alinionyesha kwamba katika ukurasa wa kuingilia mtu aliweza bado kuchagua X. Akamfungulia mwalimu nafasi yake mwenyewe, isiyotumiwa na mtu mwingine, naye akaingia kwa mfumo wa zamani. Majirani wakaingia kwa mpya. Haikuwa kinga kamili, na ilitaka niwe macho, lakini hakuna aliyeachwa nje.

Machi 2025 lilitoka toleo la 48 la GNOME, ambalo ndani yake amri za Orca zinafanya kazi chini ya Wayland. Watengenezaji walikuwa wamemtengenezea yule mtoto wa kumshika kipofu mkono mlango wake katika ukuta. Nakiri kwamba bila watu wa kulalamika mlango huo ungechelewa zaidi, na kwamba bila watu wa kujenga kuta tungalikuwa wazi hadi leo.

Je, mfumo huo uko tayari kwa matumizi ya kila siku? Kwa walio wengi, nasema ndiyo, bila kusita. Lakini sidhani kwamba mwenye haki ya kulijibu swali hilo ni anayeuleta mfumo, wala mimi ninayependa madirisha laini. Ni yule atakayepoteza zaidi ukikosea.

Kwa hiyo binti alipokuja na toleo jipya mwishoni mwa mwaka 2025, hakufuta kitu. Alimwekea mwalimu njia zote mbili. Jumamosi nne alijaribu mfumo mpya, akinung'unika hapa na pale. Jumamosi ya tano alimaliza kusoma, akanywa chai yake, akasema, "Mwambie binti ule wa zamani anaweza kuutoa."