Mzigo wa Begani na Jeraha la Moyoni

Mtu afikapo Kwihara karibu na Tabora, alikokaa Dk. Livingstone mwaka 1872, huwa amesimama juu ya njia ya kale ya misafara, iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, pembe za ndovu zilipita juu ya mabega ya watu. Mpagazi wa Kinyamwezi aliweza kuchukua frasila mbili, yaani karibu kilo 32, siku baada ya siku kwa miezi. Naye alikuwa mtu huru mwenye ujira. Wengine walipita njia hiyo hiyo wamefungwa minyororo, wametengwa na mama zao. Wasafiri wa Kizungu waliandika kwamba wapagazi walivuta bangi. Nani atashangaa? Bega linauma, na moyo haumsahau aliyeachwa njiani.

Nayasema haya kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Kijana mmoja wa bodaboda, aliyekuwa ameanza kuhudhuria darasa langu Tabora, aligongwa na lori. Mdogo wake aliyempakia alifariki pale pale. Yeye alivunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini maumivu hayakuondoka, na kila usiku aliziona tena taa za lile lori. Alipewa vidonge vya tramadoli, akaona vinanyamazisha yote mawili. Vidonge vikaongezeka. Kisha akaenda Dar es Salaam, na huko akakutana na unga, yaani heroini. Aliporudi, nilihutubu siku ya Ijumaa juu ya uharamu wa vileo, huku nikimtazama yeye. Hakuja tena msikitini.

Niliyoyasema juu ya sheria yalikuwa kweli. Lakini Kurani Tukufu (2:220) haikanushi kwamba katika kileo zimo faida fulani kwa watu. Yafundisha kwamba dhambi yake imezidi faida yake. Mimi nilitaja dhambi tu, wala sikumwuliza alitafuta faida gani.

Afyuni na jamaa zake, yaani mofini, tramadoli na heroini, hufanya kazi ubongoni mahali pale pale ambapo Mwenyezi Mungu ameweka vitulizo vya mwili wenyewe. Tena uchungu wa mwili na uchungu wa moyo hukutana katika baadhi ya njia za ubongo. Aliyepatwa na jambo la kutisha, neva zake huweza kubaki macho kama mlinzi asiyepokewa zamu, na hapo maumivu madogo huwa makali. Dawa humtuliza, kisha mwili huizoea na kudai zaidi, na kwa wengine maumivu yenyewe huzidi. Akiikosa hushikwa na arosto: huharisha, hutetemeka, mifupa humwuma, usingizi humpaa. Mtu huyo akiambiwa “acha” tu, ni kama mpagazi kuambiwa asichoke.

Wanaotafuta ukweli huniuliza: Je, methadoni itolewayo hospitalini si kileo kingine? La. Tangu mwaka 2011 wagonjwa huinywa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, kila siku, mbele ya mhudumu. Nguvu yake hudumu muda mrefu, huzuia arosto, na kwa kipimo sawa haimlevyi aliyeizoea. Kurani Tukufu (2:174) humwondolea dhambi aliyelazimika, asiyetamani wala kupita kiasi. Kwa hukumu hiyo hiyo hakosi mgonjwa wa saratani anywaye mofini ya Ocean Road. Hata hivyo methadoni peke yake haitoshi, kwani nyonga yataka mganga wake, na zile taa za lori zataka mtu wa kuzisikiliza.

Mtume Muhammad (s.a.w.) aliwafananisha waaminio na mwili mmoja, ambao kiungo kimoja kikiugua, mwili wote hukesha kwa homa. Kijana yule alikesha miaka miwili, nami nililala vizuri.

Mwaka jana nilimtafuta Dar es Salaam. Nilimkuta akitoka kunywa dawa yake, amekonda, akichechemea. Nikamwomba msamaha. Alinyamaza kitambo, kisha akanieleza habari za mdogo wake, kwa mara ya kwanza, tangu asubuhi ile walipopanda pikipiki. Adhuhuri ilipoingia tulisali pamoja, yeye ameketi kitini kwa sababu ya nyonga.