Sifa na Dhati

Nikiwa na elementi ya sura, katika hati ya XML, nami nataka kujua kitabu kilichoizaa kimeandikwa kwa lugha gani, sina budi kwa Java kuitaka sura imtaje mzazi wake kwa getParentNode, nihakikishe kuwa aliyetajwa ni elementi kweli, kisha ndipo nimwulize sifa yake ya lugha kwa getAttribute. Kwani sifa ile haikumshukia mwana kwa urithi, na asiyepanda kwa mzazi hataipata.

Lakini linaloushughulisha moyo wangu zaidi ni hali ya sifa yenyewe, ambayo, ukiiuliza mzazi wake, hujibu kuwa haina, ilhali ukiiuliza mwenye kuimiliki, kwa getOwnerElement, humtaja papo hapo. Si mwana wa elementi, wala, ndani ya hati, haisimami bila ya elementi. Mwanafalsafa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alipotenganisha jauhari, yaani kitu kinachosimama chenyewe, na aradhi, yaani sifa inayokitegemea, kama weupe usioonekana ila katika kitu cheupe, alikuwa akilikabili fumbo hilihili, nami nastaajabu kwa dhati kulikuta limelala, karibu karne kumi baadaye, ndani ya mstari mmoja wa programu.