Fedha Iliyookolewa Imekwenda Wapi?

Tarehe 9 Desemba 2015 Watanzania tuliadhimisha Uhuru tukiwa na mafagio mikononi. Gwaride halikuwapo wala halaiki. Rais John Magufuli, aliyekuwa na mwezi mmoja tu Ikulu, alifuta sherehe, akaagiza nchi nzima ifanye usafi, na yeye mwenyewe akaingia mtaani kuokota taka. Shilingi bilioni 4 zilizokuwa zitumike siku hiyo zikaelekezwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco, jijini Dar es Salaam. Wiki chache kabla ya hapo, fedha zilizochangwa kwa ajili ya hafla ya wabunge zilikuwa zimenunua vitanda vya Muhimbili, ambako wagonjwa walikuwa wakilala sakafuni.

Tulishangilia, na sioni sababu ya kuionea haya furaha ile. Majirani zetu Wakenya waligeuza ubahili wa Magufuli kuwa utani mitandaoni, lakini ndani ya utani ule mlikuwa na wivu kidogo. Mtu anaweza kusema tulishangilia kwa sababu tulikuwa tumechoka kuona wakubwa wakipanda ndege. Kweli tulichoka: alipozindua Bunge Novemba ile, Rais aliwaambia wabunge kwamba safari za nje zilikula zaidi ya shilingi bilioni 356 katika miaka miwili ya fedha. Lakini nikitafakari leo, naona palikuwa na jambo kubwa kuliko uchovu. Shilingi iliyokatwa ilionekana inakotoka na inakokwenda. Upande huu hafla, upande ule kitanda. Upande huu gwaride, upande ule barabara. Hata asiyejua kusoma kitabu cha bajeti aliweza kuikagua hesabu hiyo akiwa ndani ya daladala.

Mwaka uliofuata msemo mpya ukaenea mitaani: vyuma vimekaza. Semina na makongamano yalikuwa yamepigwa marufuku kwenye kumbi za hoteli, na wizara zikatakiwa kutumia kumbi zake zenyewe. Tulidhani tumewakata wakubwa posho, na kweli tuliwakata. Ila nyuma ya semina moja ya Morogoro au Bagamoyo walikuwapo mpishi, mwenye maturubai, kijana wa kupanga viti, dereva teksi na mwenye gesti. Mama yangu mdogo, aliyekuwa akipata tenda za chakula cha semina, aliyaingiza masufuria yake makubwa stoo. Hakulalamika hadharani, kwa kuwa naye alikuwa amepiga makofi pamoja nasi.

Hapo ndipo ulinganisho tunaoupenda, wa serikali na kaya, unapotupotosha. Mama akiacha kununua soda nyumbani, wanaokosa soda ni yeye na wanawe. Serikali ikiacha kununua soda, anayekosa ni muuza soda, na nyumba ya muuza soda haimo katika hesabu ya mtu yeyote. Sisemi serikali iendelee kunywa soda ili muuzaji aishi. Nasema anayekata ajue anamkata nani, amwambie mapema, na amwonyeshe kilichofanywa kwa fedha ile.

Juni 2016 makali yakawafikia watumishi wa umma. Ajira mpya, upandishaji madaraja na nyongeza za mishahara vilisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Sababu ilikuwa nzuri, kwani zaidi ya majina 19,000 yaliondolewa kwenye orodha ya mishahara. Lakini mwalimu halali, mwenye wanafunzi mia darasani, alisubiri daraja lake pamoja na watu ambao hawakuwahi kuwapo. Aliyestaafu kabla ya kupandishwa, kiinua mgongo chake kilikokotolewa kwa mshahara wa zamani, na hilo halirekebishwi na nyongeza ya baadaye. Kima cha chini serikalini kilipopandishwa mwaka 2022, kwa asilimia 23.3, wengi wao walikuwa wameshakabidhi chaki. Fedha iliyobaki kwa kumchelewesha mwalimu huyu ilinunua nini? Yeye hakuonyeshwa kitanda wala barabara.

Na angeuliza wapi? Januari 2016 Waziri wa Habari, Nape Nnauye, aliliambia Bunge kwamba televisheni ya taifa haitarusha tena vikao moja kwa moja mchana kutwa, kwa kuwa gharama ni kubwa mno. Badala yake tungepata kipindi cha usiku kilichorekodiwa. Katika kubana kote kwa miaka ile, huku ndiko kunakonisumbua hadi leo. Tuliokoa fedha kwa kufunga dirisha ambalo kupitia hilo tungeona fedha nyingine zinavyotumika.

Wapo watakaonijibu kwamba kilichookolewa kiko Rufiji, kwenye bwawa la megawati 2,115, na kiko kwenye reli ya kisasa. Ni jibu zito, wala silibezi. Hata hivyo, bwawa huonyesha ukubwa wake tu. Bei yake halali tunaambiwa na mkaguzi. Naye Mkaguzi Mkuu wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, aliposema kwamba kutofanyia kazi ripoti zake ni udhaifu wa Bunge, aliitwa kujieleza, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi.

Matokeo yake tuliyaona Septemba 2022. Wananchi walipiga kelele kuhusu tozo za miamala hadi serikali ikazipunguza, na Waziri wa Fedha, Mwigulu Nchemba, akaeleza kwamba pengo litazibwa kwa kupunguza chai, vitafunwa, semina na safari. Watu walicheka, na kicheko kile kilikuwa na hoja ndani yake. Chai si tuliifuta 2015? Kama ilifutwa, ilirudi lini mezani, na kwa idhini ya nani? Huwezi kukata kitu kilekile mara mbili ukataka kuaminiwa mara mbili.

Kenya nayo ilitupa somo lake mwaka 2024. Vijana waliopinga muswada wa fedha waliusambaza kifungu kwa kifungu, wengine wakiutafsiri katika lugha za kwao. Rais William Ruto alipotangaza Julai kwamba mashirika 47 ya serikali yatavunjwa na mafungu ya ofisi za wake wa viongozi yatafutwa, alikuwa anajibu watu walioshika kitabu cha hesabu mkononi. Wengi waliuliza papo hapo mafungu hayo yaliwekwa kwa nini tangu mwanzo. Baadhi ya wenzao walikuwa wamelipa kwa uhai wao haki ya kuuliza hivyo, na hakuna nchi inayopaswa kutoza bei hiyo kwa swali la hesabu.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema wananchi hawataki serikali ibane matumizi. Tumeshaonyesha kwamba tunataka, na kwa shangwe. Bajeti ijayo itakaposomwa Dodoma, waziri akitaja kubana matumizi, tumuulize fungu lililokatwa ni lipi, limehamia wapi, nani ataumia njiani, na nani asiye mteule wake atakayehakiki. Asipokuwa na majibu, na sisi tubane makofi.