Kulazwa kwa Korona na Kulazwa Ukiwa Nayo

Swali la nini husababisha nini ni la kale sana katika falsafa, na mara nyingi limehesabiwa kuwa swali la wanazuoni wenye nafasi ya kujadiliana bila haraka. Lakini mwishoni mwa mwaka 2021, aina mpya ya kirusi cha korona ilipoibuka kusini mwa Afrika, swali hilo lilihamia wodini, likadai jibu katika muda wa siku chache, na jibu lenyewe likatakiwa litolewe kwa nambari. Zilitangazwa takwimu za waliolazwa, yaani hesabu ya watu waliopewa vitanda hospitalini baada ya kupimwa na kukutwa na virusi, na kila aliyezisikia alitaka kujua jambo moja tu: je, kirusi hiki ni kikali kuliko kilichotangulia, au ni chepesi? Nambari hizo, hata zilipokuwa sahihi kabisa, hazikuweza kulijibu swali hilo zenyewe, kwa kuwa zilihesabu kukutana kwa mtu na kirusi, ilhali kilichoulizwa ni kile ambacho kirusi kimemtenda mtu, na kutoka jambo la kwanza kufikia la pili hakuna njia isiyopita katika hukumu ya binadamu.

Lugha ya kila siku inaijua tofauti hiyo vizuri. Anayesema kwamba jirani amelazwa akiwa na korona hajasema sawa na anayesema kwamba jirani amelazwa kwa korona, kwa sababu "akiwa na" hueleza kile kinachoambatana na mtu, hata kama ni pete iliyomo kidoleni, hali "kwa" hutaja kile kilichomfikisha kitandani. Jedwali la takwimu huipoteza tofauti hii kwa urahisi, maana safu zake zina nafasi ya tarakimu tu, na neno dogo lililokuwa limebeba maana yote huachwa nje.

Pale ambapo tofauti hiyo ilijitokeza waziwazi ni Tshwane, katika jimbo la Gauteng, Afrika Kusini. Tarehe 24 Novemba 2021 nchi hiyo iliiarifu dunia kupitia Shirika la Afya Duniani kuhusu aina hiyo mpya, na siku mbili baadaye shirika likaipa jina la Omikroni na kuiingiza katika kundi la aina zinazotia wasiwasi, yaani zile ambazo kuna dalili kwamba zinaenea upesi zaidi, zinaumiza zaidi, au zinapenya kinga ambayo watu wamekwisha kuipata. Idadi ya waliolazwa Gauteng ikaanza kupanda. Tarehe 2 Desemba, katika wodi za korona za hospitali ya Steve Biko, walikuwamo wagonjwa 42, na mtu aliyeisoma nambari hiyo kutoka mbali, huku akilikumbuka wimbi la aina iitwayo Delta la katikati ya mwaka huohuo, alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Lakini ripoti iliyotolewa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini, iliyoandikwa na Dkt. Fareed Abdullah aliyekuwa akihudumu katika wodi hizo, ilipita kitanda kwa kitanda na kueleza jambo ambalo halikuzoeleka katika mawimbi yaliyotangulia: wagonjwa 29 kati ya hao 42 walikuwa wakipumua hewa ya kawaida, bila msaada wowote wa oksijeni. Hapo nyuma wodi ya korona ilijulikana kwa sauti zake, kwa kuwa mashine zinazosukuma oksijeni puani hazikunyamaza na ving'ora vya mashine za kupumulia vililia mara kwa mara. Safari hii, mtu aliyeingia angeweza kudhani ameingia katika wodi ya kawaida. Katika wale 13 waliosalia, 9 walikuwa na nimonia iliyoletwa na korona, na 4 walihitaji oksijeni kwa maradhi mengine, mmoja wao akiwa na moyo ulioshindwa kusukuma damu ipasavyo. Wengi waliokuwa katika wodi hizo walifika hospitali kwa shida nyingine kabisa, na virusi vikagunduliwa ndani yao kwa sababu kila anayelazwa alikuwa akipimwa.

Wanazuoni wa Kiislamu waliigusa tofauti hii ya kuambatana na kusababisha kabla ya kuwapo takwimu za hospitali. Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, jina ambalo maana yake ni kuporomoka kwa wanafalsafa, alitoa mfano wa pamba na moto, akashikilia kwamba kinachoonekana kwa macho ni pamba kuungua pale inapokutana na moto, na kwamba macho hayajaona kamwe pamba ikiungua kwa moto; Kiarabu chake hutenganisha mambo hayo kwa maneno mawili mafupi, "inda", lenye maana ya pale penye kitu, na "bi", lenye maana ya kwa kitu. Lengo la Ghazali lilikuwa la kiimani, kwa kuwa alitaka kubakisha nafasi ya uwezo wa Mungu asiyefungwa na desturi ya vitu, na haifai kumvika joho la mtaalamu wa takwimu ambalo hakulishona. Hata hivyo, onyo lake linaingia katika wodi za Tshwane bila kulazimishwa: kipimo cha korona kilithibitisha kwamba virusi vipo pale alipo mgonjwa, na hakikuthibitisha zaidi ya hapo. Naye Ibn Rushd wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu Ghazali kwa ukali kwamba anayeziondoa sababu ameiondoa akili yenyewe, kwa vile kujua kitu ni kujua kilivyosababishwa, na jibu hili nalo lina haki yake, maana mgonjwa aliyekuwa mzima juzi na leo mapafu yake yamejaa nimonia hawezi kuambiwa kwamba kirusi kimekutana naye kwa bahati tu. Msomaji wa takwimu anawahitaji wote wawili, Ghazali pale yeye msomaji anapotaka kukurupuka, na Ibn Rushd pale anapotaka kujificha nyuma ya shaka.

Ugumu hauishi kwa kuwagawa wagonjwa katika mafungu mawili. Mwanzoni mwa Januari 2022 jimbo la New York liliagiza hospitali zake zitenganishe waliolazwa kwa sababu ya korona na waliolazwa kwa sababu nyingine wakakutwa nayo, na hesabu za kwanza zikaonyesha kwamba takriban asilimia 43 waliangukia fungu la pili. Wapo waliopumua kwa faraja na wapo waliodai kwamba umma umedanganywa kwa miaka miwili, na pande zote mbili ziliichukulia nambari hiyo kana kwamba mpaka baina ya mafungu umechorwa na maumbile. Ukweli ni kwamba mpaka huo huchorwa na daktari, mara nyingine akiwa amechoka na foleni inamngoja. Mwenye kisukari ambaye sukari yake imepanda ghafla baada ya kuambukizwa, na ambaye hakohoi wala habanwi na kifua, amelazwa kwa kisukari au kwa korona? Mzee aliyepata kizunguzungu cha homa akaanguka bafuni na kuvunjika nyonga ataandikwa kuwa mgonjwa wa mfupa, ingawa bila homa ile asingeanguka. Mjamzito aliyekuja kujifungua siku zake zilipotimia, akapimwa na kukutwa na virusi, ndiye pekee kati ya hawa watatu ambaye hali yake haina utata, na hata kwake jambo linaweza kubadilika kabla ya asubuhi.

Zaidi ya hayo, ipi kati ya hesabu hizo ni ya kweli hutegemea kinachoulizwa, na hili ndilo lililosahauliwa mno katika mabishano ya wakati ule. Anayeuliza ukali wa kirusi anapaswa kuwahesabu waliofikishwa kitandani na kirusi chenyewe, na kuwaweka kando wengine. Anayeuliza kama hospitali itahimili wimbi anapaswa kuwahesabu wote, kwa kuwa mjamzito yule asiye na dalili naye hutengwa, muuguzi anayemhudumia huvaa barakoa na nguo za kujikinga, na huenda muuguzi huyo akaambukizwa na kukosekana kazini kwa siku kadhaa, wodi ikabaki na watu pungufu wakati vitanda vinajaa. Nambari moja, ikitolewa kujibu swali la pili na kusomwa kama jibu la swali la kwanza, hugeuka uongo bila ya mtu yeyote kusema uongo.

Kuna mambo mengine ya kihesabu yanayopaswa kutajwa, ingawa kwa ufupi. Idadi ya wanaolazwa kila siku si sawa na idadi ya waliomo vitandani, kwa kuwa ya pili hutokana na ya kwanza ikizidishwa kwa siku ambazo kila mgonjwa hukaa. Ripoti ileile ya Tshwane ilionyesha kwamba wastani wa kukaa hospitalini ulishuka kutoka siku 8.5 za mawimbi yaliyopita hadi siku 2.8, kwa hiyo hospitali iliyokuwa ikipokea wagonjwa 10 kwa siku ingekuwa na watu 85 vitandani katika wimbi la nyuma na 28 tu katika wimbi la Omikroni, ilhali mlangoni mapokezi hayakupungua hata kwa mtu mmoja. Tena, vifo huja wiki kadhaa baada ya maambukizi, na taarifa za siku za karibuni hufika kwa kuchelewa, kiasi kwamba mwisho wa mchoro huelekea kuinama hata pale ambapo wimbi lingali likipanda. Wasomi wa hadithi za Mtume walizoea kuuliza isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi ambao habari imepitia mmoja baada ya mwingine, kabla ya kuikubali. Nambari ya hospitali nayo ina isnadi yake, kuanzia kwa aliyejaza fomu kando ya kitanda hadi kwa msomaji wa habari redioni, na kila mpokezi anaweza kuacha kitu njiani.

Neno "chepesi" lenyewe linadai uchunguzi, kwa sababu lilitumika kana kwamba ni sifa inayokaa ndani ya kirusi, kama uzito unavyokaa ndani ya jiwe. Gauteng ilipofikiwa na Omikroni, utafiti wa damu uliofanywa katika jimbo hilo ulikuta kwamba takriban asilimia 73 ya watu walikuwa tayari na kingamwili, yaani chembechembe za kinga ambazo mwili huzitengeneza baada ya kuambukizwa au kuchanjwa, na kinga hiyo, katika nchi ambayo nusu ya watu wake hawajafikisha miaka 30, ilikuwa imelipiwa kwa vifo vingi vya mawimbi matatu ya kwanza. Miezi michache baadaye Omikroni iliingia Hong Kong, mji uliokuwa umejilinda vyema hata waliofariki kwa korona katika miaka miwili walikuwa 213 tu, na ambamo wengi wa wazee waliovuka miaka 80 hawakuwa wamechanjwa kikamilifu. Katika wimbi hilo moja walikufa zaidi ya watu 9,000, na hospitali zilifurika hadi wazee wakalazwa nje, kwenye baridi, vitanda vikiwa vimepangwa uani. Kirusi kilikuwa na ukoo uleule. Wepesi ulioonekana Tshwane ulikuwa uhusiano wa pande mbili, kirusi na watu kiliowakuta, na aliyeunukuu kama sifa ya kirusi peke yake aliwapa wazee wa mahali pengine faraja ambayo haikuwa yao.

Je, basi, ilipasa kunyamaza mpaka hakika ipatikane? Watu waliobeba jukumu hawakuwa na nafasi hiyo, kwa kuwa kutoamua nako kulikuwa uamuzi. Nchi kadhaa, Uingereza ikiwa miongoni mwa za mwanzo, zilianza kuzuia safari kutoka kusini mwa Afrika siku zilezile za Novemba, kabla wodi yoyote haijachunguzwa kitanda kwa kitanda, na Afrika Kusini ililalamika kwa haki kwamba inaadhibiwa kwa kusema kweli mapema. Kinyume cha kusema mapema kilijulikana pia Afrika Mashariki: Tanzania iliacha kutangaza takwimu mwaka 2020, wagonjwa waliothibitishwa wakiwa 509 na waliofariki 21, na nambari hizo zikabaki vilevile katika majedwali ya dunia kwa zaidi ya mwaka, hadi utoaji wa takwimu uliporejea katikati ya mwaka 2021 chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Kwa kipindi hicho chote, aliyetazama mchoro aliona mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka husomeka kama utulivu, ingawa maana yake ilikuwa ni kwamba hakuna aliyehesabiwa. Takwimu ya "akiwa na", pamoja na upungufu wake wote, angalau humwacha mgonjwa mahali ambapo mtu mwingine anaweza kumwendea na kuuliza la pili.

Ndivyo ilivyokuwa Tshwane. Mgonjwa yule mwenye moyo ulioshindwa alikuwa na virusi, alikuwa kwenye oksijeni, na alikuwa katika wodi ya korona, hivi kwamba hesabu yoyote iliyofanywa kutoka mbali ingemweka upande wa waliozidiwa na Omikroni. Aliwekwa upande wa wale wanne kwa sababu daktari aliutenganisha ugonjwa wa moyo wake na nimonia ya korona, kisha akaandika hukumu ambayo angeweza kuikosea.