Toa Hoja, Onyesha Wapi

Mei, wakati alizeti inavunwa Iramba na Ikungi, mkoani Singida, vijana wa Kidato cha Sita huingia kwenye mtihani wa taifa. Waliochukua HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, hufika hapo wakiwa wamechoka kusimangwa kwa kulinganishwa na wa PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia. "Wenzako wako PCB wanautafuta udaktari, wewe unasoma hadithi?" Mzazi aliyeuza vitunguu ili mtoto asome ana haki ya kuuliza mtoto huyo atakula nini. Nami nina haki ya kuuliza mtoto huyo atafikiri vipi.

Mpwa wangu anasoma HKL katika shule moja ya bweni hapa Singida. Likizo ya Juni nilimkuta uani anapepeta alizeti na bibi yake, daftari la Kiswahili 2 liko juu ya kinu. Nikalifungua. Chini ya *Kwenye Ukingo wa Thim* aliandika dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo, falsafa, kila kimoja na nondo zake tatu.

"Kitabu chenyewe umekisoma?"

"Mjomba, nakala darasani hazitoshi. Tunakariri pamfleti."

Pamfleti ilikwisha kata shauri: mila zimepitwa na wakati, ukoo una tamaa, mjane kaonewa. Kazi ya mwanafunzi ni kumeza hukumu hiyo na kuitapika mbele ya msahihishaji.

Nikampa nakala yangu. Tamthiliya hiyo ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, ilitoka mwaka 1988. Mwaka mmoja kabla, Kenya ilikuwa imemaliza mvutano wa mazishi ya wakili S. M. Otieno, Mjaluo aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo ukataka azikwe kwao Nyalgunga. Walifikishana mahakamani hadi ukoo ukashinda, akazikwa Mei 1987. Tamthiliya inafuata mgogoro kama huo.

Alipomaliza kusoma alikuja na ubishi. "Mjomba, pamfleti inasema ukoo unataka mali tu. Mbona mimi naona wapo wanaoamini kweli?"

Mama yangu, ambaye matanga aliyokalia hayahesabiki, akaweka ungo chini. "Anayelilia marehemu na anayelilia shamba la marehemu hukaa mkeka mmoja. Utawajuaje?"

"Kwa maneno yao, bibi. Ngoja nikuonyeshe."

Akaanza kupekua kurasa, na hapo ndipo uhakiki ulipoanza. Dhamira na falsafa ni majina ya sehemu tu. Kazi yenyewe ni kusema unachokiona, kuonyesha kiko ukurasa gani, kisha kumsikiliza mwenzako aliyeona vingine katika ukurasa huohuo.

Anayedhani ujuzi huo ni wa darasani tu akumbuke vikongwe waliouawa katika mikoa yetu ya kati na ya ziwa kwa kuitwa wachawi. Kwa wengi wao "ushahidi" ulikuwa macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe, miaka na miaka ya kuwapikia haohao waliowahukumu. Mmoja alisema, wa pili akaitikia, wa tatu akashika panga. Hakupatikana wa kuuliza: umejuaje?

Kwa hiyo wazazi, kabla ya kila mtoto kununua pamfleti yake, changeni watatu watatu mnunue kitabu chenyewe. Walimu, mwanafunzi anayepingana na pamfleti kwa mifano ya kitabuni mpeni alama zake, hata kama jibu lake halimo kwenye notisi zenu.

Kuhusu atakula nini, atahangaikia ajira kama wenzake wa PCB. Lakini siku kijiji kitakapokubaliana jambo kwa kelele, ni heri awepo mmoja aliyezoea kuulizwa, na kuuliza, limeandikwa wapi.