Mwacha Asili

Methali isemayo kuwa mwacha asili ni mtumwa hutamkwa kama hukumu isiyo na rufaa. Mtu akiona haya kumtaja babu yake, au akibadili jina na lafudhi ili apokewe na wakubwa, methali hiyo huwa imekwisha kumsubiri mlangoni. Lakini methali nayo ina ardhi iliyoiotesha, na ikipandwa penginepo huenda ikazaa tunda jingine. Historia na fasihi ya Wamarekani weusi imeipa methali hii mtihani mgumu, kwani huko walikuwako watu walioificha asili yao kwa sababu moja tu: wasiwe watumwa.

Mnamo Disemba 1848, katika mji wa Macon, jimbo la Georgia, mtumwa mmoja wa kike, Ellen Craft, alivaa suruali, koti, miwani ya rangi na kofia ndefu ya kibwana, akapanda treni akijifanya kijana wa kizungu anayekwenda kutafuta matibabu. Mama yake alikuwa mtumwa; baba yake alikuwa ndiye bwana aliyemmiliki mama huyo; na rangi yake ilikuwa ya baba. Mumewe, William, aliyekuwa mweusi zaidi, alifuatana naye kwa sura ya mtumishi. Kwa kuwa Ellen hakujua kuandika, aliufunga mkono wake wa kulia kwa kitambaa ili asitakiwe kutia saini katika daftari za hoteli. Siku ya Krismasi waliingia Philadelphia. Nani atathubutu kumwita mwongo? Aliwahadaa watu ambao hawakuwa na haki yoyote ya kuujua ukweli wake.

Utumwa ulipofutwa mwaka 1865, swali halikufutika pamoja nao. Rangi iliendelea kupimwa kama dhahabu kwa sonara. Sensa ya mwaka 1890 iliagiza watu wahesabiwe kwa mafungu ya damu: mwenye nusu, mwenye robo, mwenye thumuni. Sheria ya Virginia ya mwaka 1924 ilimtaka anayeitwa mweupe asiwe na hata chembe ya damu ya Kiafrika. Louisiana iliweka kipimo chake mwaka 1970, sehemu moja katika 32, na haikukiondoa hadi mwaka 1983. Ajabu ya mizani hiyo ni kuwa ilielemea upande mmoja daima: tone moja la weusi liliweza kumfanya mtu mweusi, lakini ndoo nzima ya weupe haikuweza kumfanya mweupe.

Mshona viatu wa New Orleans, Homer Plessy, alikuwa mwenye thumuni. Tarehe 7 Juni 1892 alikata tiketi ya daraja la kwanza, akaketi katika behewa la weupe. Angalinyamaza, pengine angalifika salama. Lakini yeye na kamati ya raia wenziwe walikuwa wamekubaliana kwamba asinyamaze. Akamwambia kondakta kuwa yeye si mweupe, akakamatwa. Wakili wake, Albion Tourgée, alitoa hoja ya kushangaza: kwamba katika Marekani, sifa ya kuwa mweupe ni mali, na aliyenyimwa sifa hiyo amenyang'anywa mali. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ilimjibu kwamba ikiwa Plessy ni mweupe, basi na adai fidia. Na ikiwa si mweupe, hakupoteza kitu, kwa kuwa sifa hiyo haikuwa yake. Majaji saba walikubaliana; mmoja tu, John Marshall Harlan, ndiye aliyepinga. Plessy alikuja kusamehewa na gavana wa Louisiana mwaka 2022, miaka 97 baada ya kufa kwake.

Hoja ya Tourgée ilishindwa mahakamani lakini haikushindwa katika maisha. Uchunguzi wa Benki Kuu ya Marekani wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa familia ya kati ya weupe ilikuwa na mali ya dola 285,000, na ya weusi dola 44,900. Basi aliyekuwa na ngozi ya kumwezesha kuuvuka mstari wa rangi hakuitwa na tamaa ya rangi. Aliitwa na nyumba, kazi, shule ya watoto, na usingizi usio na hofu ya mlango kuvunjwa usiku.

Waandishi weusi waliliona jambo hili kwa jicho la huruma, lakini hawakulipamba. Charles Chesnutt, ambaye kwa sura yake angaliweza kuvuka na hakutaka, alichapisha mwaka 1900 riwaya ya *The House Behind the Cedars*. Humo kijana John anahamia jimbo jingine, anajipa jina jipya na kuwa wakili wa kizungu. Kisha anarudi kwa siri nyumbani kwa mama yake na kumchukua dada yake, Rena. Mama anabaki peke yake. Rena anachumbiwa na bwana wa kizungu, lakini anaota ndoto kwamba mama anaumwa, naye hawezi kuivumilia. Anarudi kumwuguza, na kurudi huko ndiko kunakomfichua. Lililomwangusha halikuwa hila wala ulimi. Lilikuwa mapenzi ya mtoto kwa mzazi.

Mhusika wa James Weldon Johnson, katika riwaya iliyotoka bila ya jina la mwandishi mwaka 1912, anavuka baada ya kumwona mtu mweusi akichomwa moto hai mbele ya umati. Anastarehe, anatajirika, na mwishowe anajiuliza kama hakuuza kilicho bora kwa thamani ya chakula. Clare, katika *Passing* ya Nella Larsen ya mwaka 1929, ameolewa na mzungu anayewachukia weusi bila ya kujua kuwa analala na mmoja wao. Upweke unamrudisha Harlem, kwa watu anaoweza kucheka nao bila ya kujichunga, na huko ndiko anakofia.

Yuko atakayesema kwamba rangi ni uzushi, na aliyekimbia uzushi hakukimbia kitu. Hoja hii ina nguvu. Hakuna sheria ya haki inayomlazimisha mtu kubeba mzigo aliotwishwa na adui yake, wala asiyewahi kuishi na hofu ile hana haki ya kumdai mwenziwe ushujaa wa Plessy. Kwa sheria, mvukaji hakuwa na deni lolote.

Lakini mama si uzushi. Tone la damu lilibuniwa na wanasheria. Mwanamke aliyebaki nyuma hakubuniwa na mtu. Anatole Broyard, mhakiki wa vitabu wa gazeti la *New York Times*, mzaliwa wa familia ya weusi wa New Orleans, aliishi kama mweupe. Watoto wake waliambiwa ukweli karibu na kifo chake mwaka 1990, na ndipo walipojua kuwa wana jamaa wengi wasiopata kuwajua. Hapo ndipo methali inaporejea, nayo ikiwa na maana iliyo finyu na kali zaidi. Asili haiachwi kwa kulikana jina waliloliandika wengine kwenye karatasi. Inaachwa pale mtu anapopita njiani mbele ya nduguye akajifanya hamjui. Na lawama kubwa ni ya waliouwekea uhuru bei hiyo, wakamlazimisha mtoto achague baina ya maisha na mzazi.

Ellen Craft alivuka akiwa na mumewe ubavuni. Kofia ile hakukaa nayo. Alisimama mbele ya watu kwa jina lake, na kisa chao kikachapishwa London mwaka 1860. Vita vilipokwisha mwaka 1865, mama yake alitafutwa, akapatikana na kupelekwa London kuishi naye. Miaka michache baadaye Ellen na William walirudi Georgia, wakafungua shule kwa watoto wa waliokuwa watumwa.