Nani Alipe Miaka ya Kwanza ya Msanii?



Swali ninalolileta mwezi huu haliingii katika nyumba nyingi, lakini ikiingia nyumba moja haitoki upesi. Kijana amesomeshwa mpaka chuo kikuu, amepata shahada ya sanaa za ufundi, yaani uchoraji na uchongaji, naye anataka sanaa hiyo iwe ndiyo kazi yake. Je, anayo haki ya kufanya hivyo, hali nyumbani wanamngoja?

Siulizi kama kazi hiyo ina heshima. Hilo lilikwisha kujibiwa zamani, na mwenye kubisha afungue kitabu cha Kutoka, sura ya 31, amsome Bezaleli, fundi aliyeitwa kwa jina lake ili afanye kazi ya dhahabu, shaba, mawe na mbao. Swali langu ni la mfukoni, na kwa sababu hiyo ni zito zaidi.

Mzazi mmoja wa mtaa huu ndiye aliyenitia katika fikira hizi. Alisema, "Mwalimu, mwanao amepotea. Tumeuza ng'ombe wawili ili asome, leo anataka kuchora twiga! Na mdogo wake aliyechaguliwa chuo cha uuguzi, ada atapewa na twiga?" Nilicheka kwanza, kisha nikaona kwamba hapana la kuchekesha hapo. Binti yule ana nafasi yake chuoni, na nafasi haimngoji mtu.

Watu wengi humjibu kijana wa namna hiyo kwa kumwita mvivu. Mimi sikubali. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulitakiwa kutengeneza zana za kufundishia wenyewe: chati za ukutani, ramani, picha za wanyama, gundi tukipika kwa unga wa muhogo. (Kuku wangu walidhaniwa kuwa kandambili.) Aliyejua kuchora alikesha akiwachorea wenzake chumba kizima, na asubuhi hakupata ila ahsante. Huyo si mvivu. Basi tangu siku zile nimejua kwamba tatizo la msanii si kazi, bali ni malipo, na hasa malipo ya mwanzo.

Tuangalie jinsi kazi hii inavyoanza. Mwalimu au muuguzi akiajiriwa, mwisho wa mwezi ana mshahara, hata uwe mdogo. Msanii huanza kwa kutoa. Anunue rangi, brashi, kitambaa na mbao za fremu. Akimaliza picha, aiache dukani kwa mtu, na mwenye duka atamlipa itakaponunuliwa, akiisha kukata fungu lake. Masika yote yaweza kupita bila mgeni kuingia. Jina lake halijajulikana, na mnunuzi wa picha hununua jina pia. Mambo yakienda vizuri, miaka kadhaa itapita kabla kazi hiyo haijamlisha. Miaka hiyo hailipwi na hewa. Yuko mtu anayeilipa, apende asipende.

Wazazi wamekwisha kulipa mara moja. Tena wengi wa vijana hawa wana deni la Bodi ya Mikopo, nalo halichagui kazi: mwajiriwa, tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake, na anayejiajiri naye hudaiwa. Kijana akirudi nyumbani akakaa miaka mitatu akila sahani ya mama yake, na mdogo wake akaikosa nafasi ya chuo, hapo ndipo ninapoliona kosa. Amefanya mtu mwingine alipe gharama ya wito wake, tena mtu ambaye hakuulizwa.

Lakini wito hauna budi kuachwa kwa sababu hiyo? La hasha. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, alisoma uchoraji Makerere kwa Bi. Margaret Trowell, kisha katika chuo cha Slade, London. Alichora maisha ya kwao Kilimanjaro, migomba na watu kazini, na picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku imo katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Ntiro huyo huyo alikuwa mwalimu, akawa Balozi wetu Uingereza baada ya Uhuru, akashika kazi ya utamaduni serikalini, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Naye Edward Saidi Tingatinga, ambaye hakuwa na shahada yoyote, alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga na baadaye katika hospitali ya Muhimbili, huku akichora kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Aliuza picha zake penye Morogoro Stores, Oysterbay, na alipokufa mwaka 1972 alikuwa amechora kwa miaka michache tu. Wachoraji wanaolifuata jina lake wapo mpaka leo. Wawili hao hawakufanana kwa lolote, ila kila mmoja alikuwa na kazi nyingine iliyonunua rangi.

Najua kijana atajibu kwamba kazi ya pili hula nguvu. Ni kweli. Aliyesahihisha madaftari tisini hana mkono wa kuchora usiku, na saa alizozitumia Ntiro kwenye mafaili hazikurudi kwenye picha. Tena kazi ya ualimu yenyewe leo ni ya kungojewa. Lakini kuna mabango ya maduka, nembo za shule, fulana za mahafali, michoro ya vitabu vya watoto. Wako wasomi wanaoona haya kuchora bango la kinyozi. Mimi siioni aibu hiyo. Mtume Paulo alishona mahema Korintho, wala barua zake hazikupungua uzito.

Nimezungumza na kijana. Ameomba miaka miwili, atachora mabango asubuhi, na fedha ya kwanza ya kila mwezi itakwenda kwenye ada ya mdogo wake kabla haijakwenda kwenye rangi. Naliona ni agano la haki, ingawa mama yake bado ananuna.

Sasa tujitazame sisi. Kule Murang'a, nchini Kenya, liko Kanisa Kuu la Anglikana lenye picha kubwa za ukutani za maisha ya Bwana wetu, tangu kuzaliwa hata kusulubiwa, ambamo Yesu ni Mwafrika na nchi ni ya Waafrika. Alizichora Elimo Njau, mwana wa Marangu, naye alizimaliza mwaka 1959, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Wazee walimkabidhi kuta za kanisa, na kijana apewaye kuta hupata jina.

Na hapa kwetu? Fundi seremala alipotengeneza mabenchi alipewa arubuni kabla hajapiga msumari. Bendera mpya ya Umoja wa Mama, ambayo wote tuliisifu, aliichora kijana huyu huyu. Nilimwuliza alilipwa nini. Alilipwa "Mungu akubariki." Mimi nami nilikuwa nikidhani kitambaa tu tulimnunulia, kumbe hata hicho alinunua mwenyewe. Basi ndugu zangu, aliyelipa bendera ile ni yule mama aliyeuza ng'ombe, na sehemu ya ada ya binti yake ndiyo tunayoibeba mbele ya maandamano.

Nimeandika hesabu yake kama tulivyoandika ya mabenchi: kitambaa, rangi, uzi wa pindo, na siku tisa za kazi kwa kiwango kile kile cha siku alicholipwa seremala. Karatasi iko kwa mweka hazina. Halmashauri ya kanisa inakutana Jumapili ya pili ya mwezi ujao, baada ya ibada ya kwanza.